Mstari Usiopita Kwenye Sifuri

Nilianza chuo kikuu wakati mtoto wangu wa mwisho alikuwa kidato cha tatu. Wiki za kwanza, kila aliyenikuta kwenye ujia wa jengo la sayansi alinisalimia kama mzazi aliyekuja kuulizia karo, akanionyesha ofisi ya fedha iko wapi bila mimi kuuliza. Mwanzoni nilieleza kwamba mimi ni mwanafunzi. Baadaye nikaona kueleza kunanichelewesha darasani, nikawa nasema asante na kupita.

Fizikia niliijua kwa vitabu. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa upande wa Kedowa, nikapata kazi ya ukarani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai. Wakulima wakishapima, kuna kungoja lori la kiwanda, na lori la kiwanda huja linapotaka. Wenzangu walifuma masweta. Mimi nilisoma vitabu vya mitumba nilivyonunua Kericho mjini, vilivyokosa majalada na wakati mwingine vilivyokosa sura nzima katikati. Nilisoma kwa utaratibu. Sikufungua ukurasa mpya kabla sijafanya maswali ya ule wa zamani, na swali lililonishinda nililirudia mpaka lilegee. Kwa njia hiyo nilipita mwendo, nguvu, joto, mwanga na umeme, na nikapita tena. Kilichokosekana ni kugusa. Sikuwahi kushika springi ya maabara wala lenzi. Niliijua fizikia kama mtu anavyoujua mji kwa kutazama ramani yake: anajua barabara zote na hajui harufu ya hata moja.

Chuo kilinikubali kwa mtihani wa watu wazima. Kozi ya kwanza ilikuwa fizikia ya mwaka wa kwanza, ile ambayo wote wanapaswa kuipita, awe anakwenda uhandisi, kemia au hesabu. Kazini nilipewa ruhusa ya kukosa Jumanne na Ijumaa kwa muhula huo mmoja, mradi nipate wa kunishikia kituo. Msimamizi wangu alinieleza bila kuzunguka: muhula ukiisha na nimepita, atanisemea kiwandani nipewe zamu za kunifaa niendelee. Nikishindwa, narudi kwenye mizani siku zote sita na hatutalizungumza tena. Nilimwelewa. Wakulima hawawezi kumngoja karani anayesoma.

Hapo ndipo maabara iliponishika. Kanuni ya kozi ilikuwa kwamba asiyefikisha alama za kupita katika majaribio ya maabara haruhusiwi kukaa mtihani wa mwisho, hata awe anajua kitabu kizima kwa moyo. Jaribio la kwanza nililikosa kwa sababu mvua zilikuwa zimeanza, majani yamefurika, na sikupata wa kunishikia kituo. La pili nilipata alama chache. Niliandika maelezo marefu na vipimo vichache. Kabla ya la tatu, mhadhiri aliniita kando ya mlango. Alikuwa mtu mpole, mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, na alipenda kuongea akiwa ameshika chaki hata pale ambapo hapakuwa na ubao.

"Mama, hili la springi ndilo la mwisho lenye alama. Likianguka, hesabu zangu zinakataa," alisema. "Utarudia kozi mwaka ujao."

Nikasema nimesikia. Sikumwambia kwamba kwangu hakukuwa na mwaka ujao.

Tulifanya jaribio Jumanne, wawili wawili. Mwenzangu alikuwa msichana aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, wazazi wake wakiwa wametoka upande wa ziwa kuja kutafuta kazi ya kiwandani. Alikuwa anakwenda uhandisi, alama zake zilikuwa nzuri, na aliniita Mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana, tangu siku ya kwanza bila kuuliza. Aliongea haraka, mikono yake ilikuwa haraka zaidi, na alikuwa na kawaida ya kucheka akikosea, jambo ambalo mimi sikuwahi kuliweza.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza. Springi inaning'inia kwenye stendi. Chini yake unatundika kishikio, yaani kijiti cha chuma chenye kitako, na juu ya kitako unapachika visahani vya chuma vya uzito unaojulikana. Unavuta kidogo, unaachilia, mzigo unapanda na kushuka, na unapima muda wa kupanda na kushuka mara ishirini. Unaongeza kisahani, unarudia. Kitabu kinasema kwamba muda wa mara moja, ukiuzidisha kwa wenyewe, unakua sawasawa na uzito. Kwa hiyo ukichora grafu, unapata mstari ulionyooka, na mstari huo unatakiwa uanzie karibu na sifuri: pasipo na uzito, hapana muda.

Tuligawana kazi. Yeye alipachika visahani, akataja uzito, akahesabu mizunguko. Mimi nilishika saa na kuandika jedwali. Hakuna aliyetuelekeza hivyo. Ilitokea tu kwamba mimi ndiye niliyekuwa na kalamu mkononi, kama kawaida yangu. Tulimaliza kabla ya wengine. Vipimo vilikuwa safi kiasi kwamba nilianza kuwa na furaha, na furaha hiyo ilinitia wasiwasi.

Kisha tukachora. Vitone vyote vilikaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, mzuri, ambao haukuwa na habari na sifuri. Ukiurefusha kwenda kushoto, ulikuta mhimili wa uzito mahali ambapo palipaswa kuitwa gramu sitini chini ya sifuri.

Msichana aliinamisha kichwa, akautazama kwa jicho moja.

"Mathe, hii mstari imekataa kwenda nyumbani."

Nikamwambia angoje.

"Tuipinde kidogo tu. Ukianza hapa kwa ziro, ukipita hapa katikati, hii ya mwisho unasema ni makosa ya saa. Kila mtu anafanya hivyo."

"Ya mwisho haina makosa ya saa. Saa nilishika mimi."

"Basi sema ni makosa ya mathe," akasema, akacheka, akaona sicheki, akaacha.

Mhadhiri alipita nyuma yetu, akaangalia grafu bila kusimama. Alitangaza kwa wote kwamba ripoti inatakiwa Ijumaa kabla ya saa sita, na kwamba safari hii kila jozi itasimama mbele yake na kuitetea mezani kabla hajatia sahihi. Nilikusanya vitu vyangu, kisha nikarudi kumwomba fundi wa maabara anipimie springi yenyewe. Ilikuwa gramu thelathini. Nilikumbuka kwamba springi nayo inapanda na kushuka, si yote kwa kasi moja. Juu haitikisiki, chini inatikisika pamoja na mzigo, na kitabu kinasema uhesabu theluthi yake. Theluthi ya thelathini ni kumi. Gramu kumi kati ya sitini nilikuwa nimezipata. Zilibaki hamsini.

Mtu atasema jibu lilikuwa mbele yangu. Lilikuwepo, na hata sasa nikikumbuka najishangaa. Lakini siku ile sikuwa nalo, na nitaeleza sababu.

Jumatano nilikuwa kwenye mizani tangu asubuhi, na akili yangu ilikuwa kwenye gramu hamsini. Nilifikiria stendi: labda mkono wake ulikuwa unatingishika. Nilifikiria hewa. Nilifikiria kwamba springi ilikuwa imechoka, imevutwa na madarasa mengi mpaka ikaacha kutii. Kila wazo nililipima kwa hesabu, na kila moja liliniletea gramu chache au halikuleta kitu. Hewa haileti gramu hamsini. Stendi ikitingishika ingeharibu unyoofu wa mstari, na mstari wangu ulikuwa umenyooka kama ukingo wa meza. Jambo hilo la mwisho ndilo lililoninyima raha kabisa. Makosa ya bahati hutawanya vitone huku na huko. Haya yalivisogeza vyote kwa pamoja, hatua ileile, kama mtu aliyevishika mkono.

Nyumbani nilichukua ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaufunga kwenye boriti ya kibanda cha ng'ombe, nikauning'iniza mkebe wa sukari na kuanza kuhesabu. Mpira si springi, nilijua, lakini nilihitaji kitu cha kupanda na kushuka mbele ya macho yangu. Mume wangu alikuwa anakamua. Alinivumilia muda, akihamia ng'ombe wa pili akauliza kwa upole ni kitu gani hasa kinapimwa, maana ile sukari ndiyo ya chai ya jioni. Nikamweleza. Nilimweleza yote, tangu springi hadi theluthi, naye akaendelea kukamua, akisema "ee" mahali pa kusema "ee".

Nilipomaliza alisema, "Kwa hivyo kuna kitu mlipima na hamkukiona."

"Au tulikiona na hatukukipima."

"Ni sawasawa?"

Nikafikiri. Nikamwambia si sawasawa, lakini sikujua tofauti ingenisaidia nini. Akaniomba mkebe wake.

Usingizi wangu siku hizo ulikuwa wa vipande, na sitausimulia. Alhamisi ilianza na ukungu uliokaa juu ya chai mpaka watu wakawa wanatokea kituoni kama wanapanda kutoka majini, gunia kwanza mgongoni, kisha sura. Majani yalikuwa na maji. Siku kama hizo karani husemwa sana, kwa sababu anapunguza kwa ajili ya maji, na hakuna mkulima anayeamini kwamba majani yake ndiyo yaliyonyeshewa.

Mizani yetu inaning'inia kwenye nguzo ya kibanda. Mkulima anatundika gunia kwenye ndoano, namba nyekundu zinaruka juu na chini, gunia likitulia namba nazo zinatulia, na karani anataja kilo. Anachotaja si kile kilichoonyeshwa na mizani. Gunia si chai, kwa hiyo linatolewa. Ni jambo la kwanza nililofundishwa, na nimelifanya kwa miaka mingi hivi kwamba sikumbuki tena kulifanya. Macho yanasoma namba, mdomo unataja nyingine. Katikati hakuna hesabu. Au ipo, lakini mimi sipo.

Alikuja kogo mmoja, ndivyo tunavyowaita bibi wazee kwetu, nyanya wa majirani zetu, ambaye hubishana na kila mtu kwa mapenzi na hasa na mimi. Alitundika gunia lake kwa nguvu, likawa linayumba na kurukaruka kwenye ndoano. Nikamwambia alishike litulie.

"Wewe ndiye utulie," alisema. "Tangu jana unatazama hii mizani kama imekuibia kuku."

Watu kwenye foleni wakacheka. Gunia likatulia, nikataja kilo ishirini.

"Karani. Hiyo mashine imesema ishirini na moja. Macho yangu bado ni mazima."

"Moja ni ya gunia, kogo."

"Kila siku gunia langu linakula kilo moja. Siku nitalileta peke yake bila majani, uniambie mimi ndiye nina deni."

Walicheka tena, na mimi nilicheka, kisha nikasimama na mkono wangu ukiwa juu ya kitufe cha mizani. Gunia tupu. Lingening'inia kwenye ndoano, mizani ingesoma kilo moja, na mimi ningetaja sifuri. Na likipigwa teke likaanza kurukaruka, lingeruka bila jani hata moja ndani yake.

Msichana alikuwa amesema mia. Nilimsikia sasa, waziwazi, sauti yake ya haraka: "Mia. Mia hamsini. Mia mbili." Kishikio chetu kilikuwa kimechongwa namba hamsini kwenye kitako, gramu zake chenyewe. Kisahani cha kwanza kilikuwa hamsini. Yeye alitaja vyote viwili kwa pamoja, kama ilivyopasa, na mimi niliandika hamsini, mia, mia hamsini. Nilikitoa kishikio katika hesabu. Sikukisahau, kukisahau kungekuwa jambo lingine. Nilikiona, nikakihesabu kuwa ni gunia, nikakiondoa, na nikaendelea nikiwa na uhakika wote wa mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Ndiyo maana siku mbili nzima nilitafuta kila mahali isipokuwa pale. Kwangu kishikio kilikuwa kimeshughulikiwa.

Lakini springi haijui gunia ni nini. Springi inarusha kila kilichotundikwa.

"Umeona nini?" kogo akauliza.

Nikamwambia nimeona kwamba yeye ana haki na pia hana. Akasema hiyo ndiyo lugha ya makarani, akachukua gunia lake tupu akaenda zake.

Ungedhani nilitulia. Sikutulia. Kujua kosa liko wapi kulinifungulia hofu nyingine: ripoti ingekuwa na jedwali lililosahihishwa siku tatu baada ya vipimo, gramu hamsini zimeongezwa kila mstari, na gramu hamsini ndizo hasa zilizohitajika. Mtu yeyote mwenye akili angeona namba zimepikwa, mpishi amepita hapo. Ningeweza kuandika jedwali upya, safi, kana kwamba tuliliandika hivyo tangu mwanzo. Nilifikiria hilo nikipanga magunia, na nikaliacha, si kwa wema mwingi, bali kwa sababu karatasi ya vipimo ilikuwa na sahihi ya fundi wa maabara ya Jumanne, na kwa sababu mkono wangu hauwezi kuandika upya kipimo kilichokwisha kuandikwa. Kituoni tukikosea tunapiga mstari mmoja juu ya namba, ibaki inasomeka, na ya haki inaandikwa kando. Tabia moja ilikuwa imeniponza. Nilitumaini hii nyingine ingekuwa upande wangu.

Ijumaa nilifika chuoni mapema, nikamngojea msichana nje ya maabara, nikitembea kutoka mlango hadi mfereji wa maji na kurudi. Alikuja akila andazi. Nilimwuliza swali moja kabla hata ya salamu: Jumanne, aliposema mia, alikuwa amehesabu kishikio?

"Si ndiyo. Imeandikwa hamsini hapo chini. Ningeiacha aje?" Kisha akaacha kutafuna. "Mathe. Wewe uliandika ngapi?"

Nikamwonyesha.

Aliangalia jedwali kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akiangalia kitu chochote. Nilimweleza habari ya gunia. Nilitegemea akasirike, na angekuwa na haki. Alama ilikuwa yetu sote. Alikasirika kidogo, nadhani, kwa muda wa kumeza andazi.

"Kwa hivyo siku ile yote unaniambia mstari haupindwi," alisema, "na ni wewe umeisukuma."

"Ni mimi."

"Na tungeipinda, tungekuwa tumepinda makosa yako." Hilo likamfurahisha, akaanza kucheka, na safari hii nilicheka naye.

Tulipiga mistari juu ya namba za zamani, kwa kalamu nyekundu kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Tulichora grafu mpya. Mwinamo ulikuwa uleule; ukiongeza kiasi kilekile kwa kila kipimo, mstari unahama bila kugeuka. Sasa ulikaribia sifuri lakini haukuifikia. Ulipungukiwa na gramu kumi, na kumi hizo tuliziandikia maelezo mafupi kuhusu springi. Chini ya jedwali niliandika sentensi mbili kuhusu gunia la chai na nilivyokosea. Msichana alizisoma, akauliza kama ni lazima tuseme ni chai. Nikasema si lazima. Akasema basi iache, inapendeza.

Jozi nane zilikuwa mbele yetu. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Zamu yetu ilipofika, mhadhiri aliisoma ripoti hadi mwisho, kisha akairudisha kwenye ukurasa wa jedwali na kuweka kidole juu ya wino mwekundu.

"Namba hizi zilibadilishwa lini?"

"Leo asubuhi," nikasema.

"Na kila moja imepata hamsini."

"Kila moja."

"Sasa, mama, mimi nitajuaje kwamba hamkuona sitini imekosekana, mkatafuta kitu chochote cha hamsini hapa mezani, mkakiongeza?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lilikuwa swali ambalo ningemwuliza mwenyewe. Nilifungua mdomo kueleza habari ya mizani na nikaona kwamba maelezo, hata yawe ya kweli namna gani, hayapimi kitu. Msichana ndiye aliyejibu.

"Daktari, kama tungekuwa tunapika, tungeipika mpaka ziro. Hii imebaki na kumi. Nani anapika chakula anaacha mbichi?"

Mhadhiri alimtazama, akanitazama. Midomo yake ilisogea kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alikwenda kwenye kabati la vifaa, akafungua kufuli lake, akaleta kufuli lenyewe mezani, akaliweka kwenye mizani ya maabara. Gramu mia moja na themanini.

"Ninalitundika hili kwenye springi yenu, bila kishikio," alisema. "Kabla sijalitundika, niambie mara ishirini zitachukua sekunde ngapi."

Nilielewa mara moja alichokuwa akifanya. Kufuli halikuwa na gunia. Hakukuwa na cha kutoa wala cha kuongeza. Kama namba za zamani ndizo zilizokuwa za haki na hamsini ni ya kupika, springi ingejibu kitu kimoja. Kama namba mpya ndizo za haki, ingejibu kingine. Nilifanya hesabu zote mbili pembeni ya karatasi, maana sikuweza kufanya moja. Mstari wa zamani ulisema sekunde kumi na tisa na nusu. Mpya ulisema kumi na saba na robo, au zaidi kidogo. Mwaka wangu ulikuwa kati ya namba hizo mbili.

"Kumi na saba nukta tatu," nikasema.

Alitundika kufuli. Alinipa saa, nikamwomba ampe msichana saa na mimi nihesabu. Sikuiamini mikono yangu. Msichana alivuta kufuli chini kidogo, akaliachilia. Nilianza na sifuri, kwa sauti, kama inavyopasa, na nilihesabu nikiwa nimekodolea macho kufuli lile la bei rahisi likipanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne sikuwaza kitu kingine chochote. Ishirini. Akabonyeza.

Aliitazama saa, akaigeuza kwa mhadhiri bila kuitaja.

"Kumi na saba nukta nne," mhadhiri akasema. "Rudieni."

Tukarudia. Kumi na saba nukta mbili.

Akachukua kalamu. Aliandika alama juu ya ukurasa wa kwanza, si alama kubwa, kwa sababu, alisema, kipimo kinasahihishwa siku ya kipimo na si Ijumaa. Lakini ilitosha. Nilijumlisha kichwani na ile ya jaribio la pili kabla hajamaliza sahihi yake, na ilikuwa juu ya mstari wa kupita.

"Mtakaa mtihani," alisema. "Nyote wawili."

Msichana alinipiga begani kwa kiganja, kitu ambacho mtoto wangu hangethubutu. Mhadhiri alikuwa anarudisha kufuli kabatini, na jozi nyingine ilikuwa imeshasogea mezani, lakini mimi nilikuwa bado nimesimama palepale. Nilikuwa nimegundua kwamba sijui ni vitu vingapi vingine ninavyovitoa kila siku bila kuwepo.

"Wiki ijayo tunafanya nini?" nikamwuliza.

"Joto. Mnachemsha chuma, mnakitumbukiza kwenye maji baridi, mnapima joto la maji limepanda kiasi gani."

"Maji yako ndani ya nini?"

"Mkebe wa shaba."

"Na mkebe unahesabiwa?"

Aligeuka. Nadhani mwanzoni aliona namtania.

"Mama," alisema, "umepita. Nenda nyumbani."

"Lakini mkebe nao unapata joto."

"Unapata. Unahesabiwa." Akafunga kabati. "Na kikorogeo pia, kabla hujaniuliza."

Msichana alinishika mkono wa sweta akanitoa nje. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza, ile ya Kericho isiyo na haraka, na wanafunzi walikuwa wamejibanza chini ya paa la ujia. Alikuwa akiniambia kitu kuhusu chakula, kwamba leo mimi ndiye ninayenunua, na nilikuwa nikiitikia. Macho yangu yalikuwa kwenye kikombe cha bati kilichosahaulika juu ya ukuta wa veranda, kikipokea maji ya mvua, na nilikuwa nimeanza kujiuliza kina uzito gani.